Boma la Nne kwenye Kilima cha Bundi

Kilima cha Bundi, 4 Septemba

Mpendwa Ravdna,

Barua yako ya tarehe 17 Juni ilinifikia tarehe 22 Juni, nami nakujibu leo, baada ya siku sabini na nne. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwafundisha watoto wa Kautokeino kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki moja, na mwanafunzi aliyekuja na kisingizio nilimtoa nje ya darasa. Kwa hiyo sitatoa kisingizio. Naomba radhi.

Kwanza habari za kazi yako ya utafiti. Majani ya mbetula kibete yalianza kuwa mekundu tarehe 27 Agosti, siku sita mapema kuliko mwaka jana. Bata bukini walipita tarehe 30, makundi manne, wakiruka chini sana. Matunda ya njano ya bwawani yalikuwa machache na madogo, maana maua yake yalipigwa na baridi ya Juni. Kipimajoto kinafanya kazi. Nasoma fimbo za kupimia theluji na kipimajoto kila siku saa mbili asubuhi kama tulivyokubaliana mwaka ule wa kwanza, na daftari lina miaka tisa sasa bila siku hata moja iliyorukwa.

Umeuliza kuhusu boma la nne. Umesema kwamba katika maboma matatu ya waya, ambamo kulungu wetu wa kufugwa hawaingii, kuvumwani mweupe, chakula chao cha majira ya baridi, umerefuka kama ulivyotarajia, ila katika la nne umepungua karibu nusu tangu vuli iliyopita, ilhali waya ni mzima. Umeuliza kama panya wa tundra wangeweza kuula kiasi hicho. Wangeweza.

Gáren, jirani yangu, ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Anasema, "Mwalimu, mtoto wa mdogo wako amesubiri kiangazi kizima, na wewe bado unatafuta mahali pa kuweka nukta." Nukta nimeiweka.

Baba yako mkubwa,
Jovnna Utsi

*

Tromsø, 13 Septemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, hata koti sijavua. Nilikuwa nimeanza kudhani unaumwa. Nilipanda huko tarehe 9 nikakuta mlango wako umefungwa na moshi bado unatoka kwenye bomba la jiko. Niliacha pakiti ya kahawa dirishani. Natumaini umeiona.

Si panya. Panya wangeacha vishina vilivyokatwa na vinyesi vidogo kama punje za mchele, na mwaka huu hawapo kabisa, hata bundi wenyewe wamehama. Ndani ya boma la nne nimekuta kinyesi cha kulungu cha majira ya baridi, kile kikavu na kigumu, na nywele za kulungu zimenasa kwenye waya upande wa ndani. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, ila si kwa fundo langu. Mimi hukaza waya kwa koleo. Huyu amefunga kwa kamba, fundo la kufungia mizigo kwenye kigari cha theluji.

Kisha nikafungua namba zako. Tarehe 2 Aprili, boma la nne, sentimita 142. Tarehe 3, 131. Tarehe 4, 112. Tarehe 7, 64. Siku zote hizo joto halikupanda juu ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na kwenye maboma mengine theluji haikushuka hata sentimita moja. Theluji haiyeyuki kwa namna hiyo. Imechimbwa.

Malisho ya Gáren ya majira ya baridi yanapakana na kilima, na fundo lile naliona kwenye mizigo yake tangu nikiwa mdogo. Simchukii. Nilikula nyama kavu iliyolowekwa ndani ya kahawa yake, kama desturi yetu, kabla sijajua kusoma. Lakini mkuu wangu, Bi Solveig, anataka jina. Alisema, "Kama ni bahati mbaya kuna fomu, na kama ni makusudi kuna fomu nyingine." Nimwambie nini? Wewe ulikuwa pale kila asubuhi. Uliona nini?

Mwanao,
Ravdna

*

Kilima cha Bundi, 19 Septemba

Mpendwa Ravdna,

Gáren hakuingiza hata ndama mmoja. Niliingiza mimi. Fundo hilo nilimfundisha mimi, mwaka alipofiwa na mumewe. Mwambie mkuu wako leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, kisha urudi umalizie.

Unakumbuka mvua ya Januari. Ilinyesha siku mbili juu ya theluji, kisha baridi ikarudi kwa usiku mmoja. Baada ya hapo kulungu walichimba kwa kwato mpaka zikatoka damu. Nilichomeka fimbo mahali pengi. Nje ilishuka sentimita hamsini ikagonga barafu iliyoshikana na ardhi, na kuvumwani umo ndani ya barafu hiyo kama nyama ndani ya mafuta yaliyoganda. Mnyama anaunusa na hawezi kuufikia. Wengine wangu walikufa mwezi Machi. Lori la chakula cha mifugo liliahidiwa kufika tarehe 25 Machi, likafika tarehe 8 Aprili.

Asubuhi ya tarehe 2 Aprili nilikwenda kusoma fimbo zako kama kawaida. Katika boma la nne nilichomeka fimbo yangu pia, kwa udadisi tu. Iligonga barafu kwenye sentimita sabini. Nikaipasua kwa mtaimbo. Fimbo ikashuka yenyewe, laini, hadi chini, na nilipoivuta ncha yake ilikuwa na harufu ya kuvumwani mbichi.

Kwa miaka tisa nilikuandikia kwamba boma la nne lina theluji nyingi kuliko mengine, wala sikujiuliza kwa nini. Liko chini ya ukingo wa kilima, na waya wake unakata upepo, kwa hiyo theluji inajikusanya humo. Mvua ilipokuja ilikwama katikati ya lundo na kuganda huko juu. Chini yake palibaki pakavu. Boma ulilojenga kuwazuia kulungu ndilo lililowawekea chakula.

Nilifungua mlango. Majike wenye mimba walikula kwa siku sita, tarehe 2 hadi 7. Nilipasua barafu kwa sepeto na mtaimbo, wao wakachimba. Tarehe 8 niliwatoa nikafunga.

Kila asubuhi niliandika namba niliyoiona, kwa sababu mkono wangu haujui kuandika nyingine. Hakuna aliyeniuliza sababu, nami sikuitoa. Nilijiambia kwamba kunyamaza si uongo. Barua yako ya Juni ilipofika nilijiambia hivyo siku sabini na nne. Hata ulipokuja tarehe 9 nilikuwa nyuma ya kibanda cha kuni. Mwanafunzi aliyenipa jibu la namna hiyo ningempa sifuri.

Kahawa nimeiona. Asante.

Jovnna Utsi

*

Tromsø, 27 Septemba

Baba Mkubwa,

Nimemwambia Bi Solveig. Alikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilipofika kwenye fimbo iliyoshuka laini alikaa chini, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaenda kwenye ramani ya ukutani na hakurudi kwenye kiti mpaka saa kumi.

Unaelewa ulichokifanya? Watu wamepima barafu ya malishoni kwa miaka mingi, na watu wamepima kuvumwani, ila sijapata kusoma popote kwamba mtu aliwapeleka majike wenye mimba kwenye kuvumwani mrefu wa miaka tisa, katika mwaka wa barafu, huku kina cha theluji kikiandikwa kila asubuhi. Nina urefu wa kuvumwani kabla na baada. Nina siku sita. Nilipima kinyesi. Jana nilishinda maabarani nikikata vipande vya kuvumwani na kutazama meno yalipopitia. Wamekula juu tu, Baba Mkubwa, karibu nusu, wameacha mashina. Kwenye malisho ya kawaida hung'oa yote. Kwa nini waliacha? Sijui, na kutokujua huku kumeninyima usingizi kwa raha.

Nimebakiza kitu kimoja, na bila hicho hesabu haifungi. Una kulungu wangapi sasa, na wangapi kati yao waliingia bomani?

Nijibu upesi. Kamati inayoamua kama maboma yataendelea inakutana tarehe 14 Novemba.

Ravdna

*

Kilima cha Bundi, 20 Oktoba

Ravdna,

Miwani yangu ilivunjika tarehe 30 Septemba nilipoikalia. Barua yako ililetwa na Gáren tarehe 3, na kwa kuwa sikuweza kuisoma nilimwomba anisomee. Alisoma vizuri, pamoja na ile sehemu ya Bi Solveig na ramani, nikafurahi. Halafu akasita.

"Mbona umenyamaza?" nikamwuliza.

"Hapa mwandiko umefutika. Mvua imeingia kwenye bahasha."

"Ruka, endelea."

"Panapofuata kuna tarehe ya kamati tu, Mwalimu. Basi, imekwisha."

Akaikunja, akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo ingawa ilikuwa ya moto, akaanza kunieleza habari za breki za gari lake.

Miwani mipya imefika jana. Barua ilikuwa kavu kabisa, na mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko zamani.

Baba yako aliishi nami malishoni miaka hamsini na mitatu, wala hakuwahi kuniuliza nina wangapi. Mama yako hajaniuliza. Hata yule wa ofisi anayeleta karatasi za serikali hugeuka kutazama dirishani ninapozijaza. Mtu wa hapa akitaka kujua hali ya mwenzake huuliza kama malisho yalikuwa mazuri, naye hujibu kwamba yalikuwa ya wastani, na wote wawili wanaridhika. Kule Kautokeino wana mzaha kwamba kulungu wa Mwalimu wanaenea wote kwenye darasa moja na madawati yanabaki. Wakisema hivyo wanacheka, nami nacheka pamoja nao, kwa sababu hakuna anayejua. Wewe umeliandika swali hilo kwa wino, na limesomwa na jirani yangu mezani pangu.

Kuhusu meno, naweza kukujibu. Waliacha mashina kwa sababu mashina yalikuwa yameganda. Sehemu ya juu ilikuwa kavu, ya chini imeshikwa na ardhi. Kiangazi au vuli, ikiwa na unyevu, yote hung'oka pamoja. Ungekumbuka mwenyewe kama ungekaa huku Oktoba moja badala ya kuja Juni.

Swali la mwisho halina jibu.

J. Utsi

*

Tromsø, 25 Oktoba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma jikoni, kisha nikatoka nje nikatembea mpaka darajani na kurudi. Nimekaa na watu wa mjini miaka kumi na mmoja. Hapa mtu akipanda basi anakuuliza una watoto wangapi na umelipia nyumba kiasi gani, na mimi nimezoea kujibu. Hiyo ni sababu, si kisingizio. Naomba radhi kwako, na nimemwandikia Gáren pia, barua fupi, kumshukuru kwa mvua aliyoitia kwenye bahasha.

Sitauliza tena. Nakueleza tu yatakayotokea, ili usiyasikie kwa mtu mwingine. Bila idadi ya midomo iliyokula, boma la nne halina maana kwenye hesabu. Siwezi kusema lilizuia kulungu, wala siwezi kusema lililisha wangapi. Nitaandika kwamba liliingiliwa, niliondoe. Yanabaki matatu, na tangu mwanzo tuliambiwa kwamba matatu ni machache mno kuthibitisha jambo lolote. Bi Solveig amepigana, lakini kamati ikikosa sababu ya kuendelea, waya utang'olewa kabla ya Krismasi, na kazi yako ya kila asubuhi itasimama. Miaka tisa yote itaingia kwenye sanduku.

Nilijaribu kukisia kutokana na kinyesi. Nilipata kitu kati ya wanne na kumi na saba. Bi Solveig akasema, "Hiyo si namba, hiyo ni familia ya watu wa kaskazini." Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nilikuwa nimejaribu. Kukisia ni kuuliza kwa mlango wa nyuma. Karatasi hiyo nimeichoma.

Asante kwa mashina yaliyoganda. Umesema kweli, sijakaa huko Oktoba tangu baba afe.

Malisho yalikuwaje vuli hii?

Mwanao,
Ravdna

*

Kilima cha Bundi, 2 Novemba

Mpendwa Ravdna,

Malisho yalikuwa ya wastani. Theluji ya kwanza ilikaa tarehe 18 Oktoba juu ya ardhi kavu, na hiyo ni dalili njema. Kwale wamekuwa weupe wote isipokuwa mmoja mwenye madoa shingoni, ambaye anaonekana hata na mtu asiye na miwani.

Gáren amepata barua yako. Ameibandika ukutani juu ya jiko. Nilimwambia ina makosa mawili. Akasema, "Mwalimu, hiyo ni yangu. Nenda kasahihishe zako." Kisha akakaa, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akasema, "Unajua mimi nilikuona? Aprili. Niliona mtaimbo unapanda na kushuka nyuma ya kilima siku ya kwanza, nikageuza pikipiki ya theluji nikapita njia ya mtoni siku sita, ili nisione waliomo." Ile njia ya mtoni ni ndefu kwa saa nzima. Sikujua.

Nimefikiri sana juu ya sanduku utakaloweka miaka tisa.

Ndani ya bahasha hii kuna uzi mwekundu. Umetungwa vipande vya masikio ya ndama, vilivyokaushwa. Unajua tunavyofanya Julai: tukimtia ndama alama tunahifadhi kipande kimoja cha sikio kwa kila mmoja, na jioni kila mtu anahesabu vyake peke yake, mgongo ameupa moto. Hivi ni vya mwaka huu. Kila kipande ni jike mmoja aliyekula katika boma la nne na kuzaa mwezi Mei. Mwishoni kuna nywele za shingoni zilizofungwa. Huyo naye alikula, ila ndama wake alizaliwa amekufa. Mhesabu pia.

Hakuna vingine nyumbani mwangu.

Sikukuandikia idadi, wala hujaniuliza. Usiniandikie kuomba ruhusa ya kuitumia, maana kuomba ruhusa kutanilazimu kuizungumzia. Umekuwa mtu mzima, na unazijua pande zote mbili kuliko mimi. Nakuachia wewe.

Bado nasoma fimbo saa mbili asubuhi. Boma la nne leo, sentimita 31. Mengine, 19, 18 na 20.

Baba yako mkubwa,
Jovnna Utsi

*

Tromsø, 9 Novemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Bahasha imefika jana. Nilifunga mlango wa ofisi, nikaupa mlango mgongo, nikahesabu. Nilihesabu mara mbili, na nywele za mwishoni nikazihesabu mara mbili pia. Kikombe changu cha kahawa kilikuwa bado kinafuka mvuke nilipomaliza. Uzi ukiwa kiganjani, nilikuona na mtaimbo, mwenye umri wa miaka sabini na minne, unavunja barafu kwa ajili ya hao.

Kisha nikafanya hesabu. Inafunga, Baba Mkubwa. Inafunga vizuri mpaka nikaogopa, nikairudia kutoka mwanzo. Sasa najua kiasi alichokula kila mmoja kwa siku, na kiasi ambacho boma moja kama lile, likiwa mahali panapokusanya theluji, linaweza kuwalisha majike katika mwaka wa barafu. Bi Solveig ameona mchoro bila namba za chini. Akasema, "Na idadi?" Nikamwambia ninayo. Akanitazama, akaangalia dirishani. Anaanza kujifunza.

Tatizo ni hili, nakueleza bila kuomba chochote. Nilitaka kuandika kiasi cha kila mmoja tu na kuficha idadi. Haiwezekani. Jumla iliyoliwa lazima ichapishwe, na mtu yeyote mwenye kalamu atagawanya moja kwa nyingine apate kilichomo kwenye uzi wako. Na kule Kautokeino kalamu zipo, maana wengi wao uliwafundisha kugawanya mwenyewe. Nikiandika, watajua. Nisipoandika, maboma yatang'olewa, na mwaka mwingine wa barafu mtu atachomeka fimbo mahali pasipofaa.

Nina karatasi mbili mezani. Moja ina namba, nyingine ina maneno "boma la nne limeondolewa". Ofisini kila sampuli hupewa kibandiko na kuwekwa kwenye droo. Uzi mwekundu sijaupa kibandiko. Upo kwenye mfuko wa koti langu, na nikitembea nauhisi.

Nimeomba likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe 16. Nitakuja kukaa, nione theluji inavyojikusanya bomani, kama boma litakuwepo. Mwambie Gáren aniwekee nyama kavu.

Kamati inakutana Alhamisi, na lazima niingie na karatasi moja. Nitakuandikia nikishaamua.

Mwanao,
Ravdna